Usimwulize mtu alifanya safari ngapi jana

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni afisa mipango miji katika halmashauri mojawapo ya Dar es Salaam. Tumeagizwa kukusanya taarifa za namna kaya zinavyosafiri kila siku: nani anakwenda wapi, saa ngapi, kwa usafiri gani na kwa nauli kiasi gani. Fedha za kutuma wadadisi mlango kwa mlango hazitoshi, hivyo tulitengeneza dodoso la mtandaoni lenye maswali 70 na kulisambaza kwa WhatsApp. Wengi walilifungua, wachache walilimaliza, na zaidi ya nusu ya waliomaliza walisema jana yake hawakufanya safari yoyote, jambo lisiloingia akilini. Nimeambatanisha nakala. Tufanye nini ili mtu wa kawaida aweze kulijaza bila taabu?

Jibu: Marahaba. Nimelipitia dodoso lenu mara mbili: kwanza kwenye kompyuta ya mezani, ambako linapendeza, kisha kwenye simu ndogo ya bei nafuu, ambako jedwali la swali la 19 lilipotelea nje ya kioo na nikawa nalivuta kwa kidole huku na huku hadi nikasahau nilikuwa kwenye mstari wa mtu gani. Hilo lina dawa nyepesi, nami nitalifikia. Ninaanza na lile lililokushangaza wewe mwenyewe, yaani watu kusema hawakusafiri, kwa sababu humo ndimo lilimo kosa kubwa, na kosa hilo ni la lugha kabla ya kuwa la programu.

Swali lenu la 12 linasema: "Jana ulifanya safari ngapi?" Katika taaluma yetu safari ni mwendo wowote wa kutoka mahali pamoja hadi pengine kwa ajili ya shughuli fulani, hata ukiwa wa dakika tano kwa miguu. Katika Kiswahili cha nyumbani safari ni Morogoro, ni Tanga, ni kufungasha begi na kuaga majirani. Mama aliyekwenda gengeni asubuhi, akampeleka mtoto kliniki saa nne, akapitia kwa shoga yake aliyefiwa, na alasiri akateremka hadi Kariakoo kufuata mzigo wa biashara yake, atakuambia kwa moyo mweupe kwamba jana hakusafiri. Alikuwa na mizunguko yake tu. Hakudanganya. Mmemwuliza jambo ambalo hakulifanya, akajibu sifuri, na programu yenu kwa utii ikamvusha hadi ukurasa wa mwisho na kumshukuru. Wala msidhani kwamba neno "kutembea" litawaokoa, maana mtu akisema jana alitembea, huenda ana maana kwamba alikwenda kumjulia hali dada yake Temeke, na alikwenda huko kwa daladala.

Ushauri wangu ni kuliondoa neno safari katika sehemu yote ya shajara ya siku, na kuuliza mahali badala ya miendo. Mwulizeni: "Jana, Jumanne, ulipoamka ulikuwa wapi?" Kisha: "Ukatoka hapo kwenda wapi?" Kisha saa aliyotoka, saa aliyofika, na namna alivyokwenda. Kisha tena: "Na kutoka hapo ukaenda wapi?", hadi afike pale alipolala. Hivi ndivyo watu wetu wanavyoisimulia siku yao hata bila kuulizwa: nikatoka, nikapita, nikafika, nikarudi. Kiambishi hicho cha -ka- ni shajara iliyo tayari, na kazi yenu ni kuifuata tu. Kuhesabu safari ni kazi ya kompyuta baadaye. Mhojiwa hapaswi hata kujua kwamba mnazihesabu. Wenzetu wa nchi nyingine walilifikia jambo hilo kwa njia yao: katika miaka ya 1990 miji kadhaa ya Marekani, Portland wa Oregon ukiwemo mwaka 1994, iliacha kuuliza safari moja moja na kuanza kuuliza shughuli za siku nzima, kwa sababu mtu hukumbuka alichokifanya kuliko anavyokumbuka mwendo uliomfikisha huko.

Hata hivyo, mahali nako husahaulika, hasa pale mtu alipopita tu. Mwaka 1996, huko Lexington katika jimbo la Kentucky, kaya 100 zilifungiwa vifaa vya GPS kwenye magari yao, na tangu wakati huo tafiti nyingi zimelinganisha kumbukumbu za vifaa vya namna hiyo na maelezo ya watu wenyewe. Jibu limekuwa likijirudia: miendo mifupi, hasa ya kusimama njiani, ndiyo inayodondoka kwenye maelezo. Kwa hiyo kila mtu anaposema alitoka kazini akaenda nyumbani, dodoso liulize mara moja, kwa sauti ya upole: "Kati ya hapo ulipita mahali popote, kama dukani, gengeni, msikitini, kanisani, au kumchukua mtoto?" Mifano hiyo ndiyo inayomkumbusha mtu, kwa hiyo msiifupishe kuwa "mahali pengine". Lakini msiulize hivyo baada ya kila kituo. Mtu aliyeulizwa jambo moja mara sita hujifunza kusema hapana.

Kuhusu wasiotoka kabisa, wapo kweli: wazee, wagonjwa, mama aliyejifungua, fundi anayefanyia kazi barazani kwake. Mwaka 2007 watafiti Jean-Loup Madre, Kay Axhausen na Werner Brög walizilinganisha tafiti nyingi za aina hii na kukadiria kwamba, kwa siku moja ya kazi, watu wasiotoka nyumbani hawapaswi kuzidi asilimia 8 hadi 12 au karibu na hapo. Walikuwa wakizungumzia zaidi nchi zenye viwanda, na msiuchukue mpaka huo kama sheria ya Mbagala; lakini mkipata zaidi ya nusu, dodoso ndilo lina ugonjwa. Walionya pia juu ya jambo ambalo lenu linalo: mtu akigundua kwamba "sikutoka" ndiyo njia ya mkato ya kumaliza, ataitumia njia hiyo. Anayesema hakutoka aulizwe kwa adabu sababu yake, na ni siku gani alitoka mara ya mwisho. Maswali hayo mawili ni machache, nayo yanatosha kuifanya njia ya mkato isiwe fupi mno.

Sasa saa. Hapa mnapoteza data nzuri bila kujua. Dodoso lenu lina kisanduku kimoja cha kuandika saa, na nimeona katika majibu mliyonitumia watu walioandika "1:00", "7:00" na "10.30" bila neno lingine. Mchuuzi anayeandika kwamba alifika soko la samaki la Feri saa 10 anasema saa kumi alfajiri, wakati boti zinapoingia; programu imeisoma kama saa nne asubuhi, kwa sababu imefundishwa kuhesabu tangu usiku wa manane. Kosa la saa sita si dogo kwa mtu anayepanga usafiri wa mji, kwani linaweza kuuhamisha msongamano wa asubuhi hadi mchana. Na huwezi kulisahihisha baadaye kwa kanuni moja, kwa sababu wapo wanaoandika kama wanavyozungumza na wapo wanaonakili saa iliyo kwenye kioo cha simu yao.

Dawa yake ni kuligawa swali. Kwanza mtu achague kipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Kisha achague saa kwa kugusa namba, kisha dakika, mkimpa kamili, robo, nusu na kasorobo, kwa kuwa hakuna mtu anayekumbuka kwamba alitoka saa 1:17. Mwishoni dodoso limrudishie alichosema kwa namna zote mbili: "Ulitoka saa 1:15 asubuhi, yaani 07:15 kwenye saa ya simu." Akiona 19:15 atashtuka na kurekebisha mwenyewe. Ninajua kwamba waandaaji wa programu watalalamika, maana kisanduku cha saa huja tayari na hiki ni lazima kitengenezwe; basi na kitengenezwe.

Mpaka wa siku nao unataka uangalifu. Utafiti wa taifa wa usafiri wa kaya wa Marekani huanza siku yake saa kumi alfajiri na kuimaliza saa kumi alfajiri inayofuata, ili anayerudi nyumbani saa saba usiku asikatwe katikati. Nanyi fanyeni hivyo, lakini msimwandikie mhojiwa maneno kama "Jumanne usiku" peke yake. Kwa wazee wengi wa pwani siku huanza jua linapozama, hivyo usiku wa Jumatano kwao ni ule wa kuamkia Jumatano, ambao kijana wa shule anauita Jumanne usiku. Semeni "jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala," na mtaje jina la siku pembeni.

Katika orodha yenu ya vyombo vya usafiri chaguo la kwanza ni "Gari" na la pili ni "Basi". Jiulize mkazi wa Gongo la Mboto anasemaje akichelewa kazini: "Gari zilikuwa za shida." Gari hapo ni daladala. Ndiyo maana katika majibu yenu watu wa mitaa ambayo haina hata pa kuegesha wanaonekana kuendesha magari kila siku. Andikeni daladala, mwendokasi, bajaji, bodaboda, pantoni, gari la kwangu au la nyumbani nikiendesha, gari la mtu mwingine nikipewa lifti, gari la kazini, basi la shule, teksi, baiskeli, kwa miguu. Bodaboda ya kukodi itenganishwe na pikipiki ya mtu mwenyewe. Orodha ianze na yale yanayotumiwa na wengi, na kila chaguo liwe na picha ndogo ya mistari isiyo na uzito.

Watu wengi wa jiji hawafiki kwa chombo kimoja. Mkazi wa Kigamboni anayefanya kazi Morocco, ile ya Kinondoni, huchukua bodaboda hadi kivukoni, akavuka kwa pantoni, akatembea hadi kituo cha Kivukoni na kupanda mwendokasi. Dodoso lenu linamtaka achague "njia kuu ya usafiri", naye anachagua mwendokasi, na pantoni na bodaboda zimetoweka, pamoja na matembezi ya katikati ambayo pengine ndiyo sehemu ngumu kuliko zote wakati wa mvua. Mwulizeni "Ulipanda nini kwanza?" na "Halafu?", hadi aseme "Nikawa nimefika". Nauli, kinyume chake, msiigawanye. Watu hukumbuka jumla ya fedha iliyotoka mfukoni tangu nyumbani hadi waendako vizuri kuliko wanavyokumbuka shilingi za kila kipande, na kwa mpangaji jumla hiyo inatosha kwa kazi nyingi.

Sababu za kwenda nazo zimeandikwa kiofisi mno. "Kazini" kwa mtu wa ajira ni jambo wazi. Kwa kijana anayeshinda kijiweni akisubiri kibarua, kwa mama mwenye meza ya vitumbua stendi, kwa dereva wa bodaboda ambaye kazi yake yenyewe ni kuzunguka, neno hilo halimgusi, naye ataangukia kwenye "Mengineyo". Andikeni "kazini, kwenye biashara, kibaruani au kutafuta riziki" kama chaguo moja. Ongezeni pia msiba, kumwona mgonjwa, harusi au shughuli, kikao cha kikundi au vikoba, na ibada. Katika jiji letu mambo hayo hujaza daladala kuliko "burudani", ambayo ninyi mmeipa machaguo manne. Dereva wa bodaboda au wa daladala msimwulize kila abiria alikompeleka, kwa sababu hiyo ni kazi yake na itawajazia shajara. Mwulizeni alikotoka kuanza kazi, saa alizofanya kazi na alikorudi.

Kisha kaya. Hilo ni neno la sensa, na wengi wamelizoea kwa sababu ya sensa, lakini katika nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na wapangaji kila chumba, swali la "kaya yako ina watu wangapi" huleta majibu ya nyumba nzima kutoka kwa mmoja na ya chumba kimoja kutoka kwa jirani yake. Mwulizeni: "Ukijihesabu mwenyewe, ni watu wangapi wanaolala hapa na kula chungu kimoja na wewe?" Halafu wakumbusheni wale wanaosahaulika: dada wa kazi, mtoto wa ndugu anayesoma, mgeni aliyelala jana. Dada wa kazi akisahaulika, sehemu kubwa ya miendo ya sokoni na ya kupeleka watoto shule imesahaulika naye. Majina msiyatake. Mhojiwa aandike "Baba", "Mama", "Bibi", "Kijana mkubwa", na dodoso litumie maneno hayo hayo baadaye: "Jana Bibi alitoka nyumbani?"

Hapo ndipo pana jambo ambalo vitabu vya taaluma hulitaja kwa haraka. Mmempa mkuu wa kaya kazi ya kujibu kwa niaba ya kila mtu. Baba hajui mkewe alipita wapi mchana, atamwandikia "alikuwa nyumbani". Na mke hana sababu ya kuandika alikokwenda mumewe baada ya kazi, hata kama anajua, na pengine hasa kama anajua. Shajara ya siku ni jambo la siri kuliko inavyoonekana ofisini. Kila mtu mzima, kuanzia miaka 18, apewe kiungo chake mwenyewe. Akishatuma, majibu yake yafungwe yasifunguke tena, hata kama simu ni moja na inapita mkono kwa mkono sebuleni. Panapolazimu mmoja kumjibia mwingine, liwepo chaguo la heshima: "Alitoka, sijui alikokwenda." Data yenye pengo la kweli ni afadhali kuliko iliyojazwa kwa kubahatisha. Watoto wajibiwe na mzazi au mlezi, wakiwa karibu ili wasahihishe, nao husahihisha kweli.

Mahali pataandikwaje? Ninyi mmeweka ramani na kumtaka mtu apachike alama. Vijana wachache wataifurahia. Wengine wataikuza hadi wapotee, na ramani yenyewe hula bando kuliko dodoso lote. Mji wetu unasomwa kwa vituo na alama: Sinza Makaburini, Tegeta Kibaoni, Mbagala Rangi Tatu, Kimara Mwisho. Tengenezeni orodha ya vituo, masoko, shule, hospitali na mitaa, mtu akianza kuandika herufi tatu orodha imletee yanayolingana. Ramani huria ya OpenStreetMap itawasaidia sana, kwani tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria, ambao wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walishiriki, umeijaza kata nyingi za Dar es Salaam. Orodha ivumilie tahajia: Moroko na Morocco, G/Mboto na Gongo la Mboto. Na ikatae kubahatisha penye utata. Mtu akiandika "Mbezi", aulizwe ni Mbezi Beach au Mbezi Luis, ambazo ziko pande mbili tofauti za jiji kwenye barabara mbili tofauti. "Mjini" nako kwa mmoja ni Posta na kwa mwingine ni Kariakoo. Kwa nyumbani kwa mtu, msitake zaidi ya mtaa na kituo anachokitumia. Hakuna hesabu yenu hata moja inayohitaji kujua mlango wake.

Sehemu ya ufundi ni rahisi, hivyo nitaipita haraka. Swali moja kwa kioo kimoja, na majedwali yote yafutwe. Vitufe viwe vipana vya kutosha kidole gumba cha mtu aliyesimama ndani ya daladala. Maandishi yasipungue pikseli 16, na weusi wake utengane na rangi ya nyuma angalau kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa na mwongozo wa ufikivu wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti. Kijivu chenu cha kupendeza hakionekani juani. Kila jibu lihifadhiwe ndani ya simu papo hapo na litumwe mtandao ukirudi, ili anayepigiwa simu katikati au anayeishiwa chaji asianze upya. Nembo kubwa na picha ya barabara ya juu iliyo kwenye ukurasa wenu wa kwanza ziondolewe, maana mhojiwa ndiye anayezilipia. Makosa yasitangazwe kwa maandishi mekundu yanayosema "Batili!", semeni "Umesema ulifika kabla hujatoka. Tafadhali angalia tena saa." Kitufe cha "Nilirudi kwa njia ile ile" kitaokoa dakika nyingi jioni. Na ule mstari wa kuonyesha asilimia iliyobaki utoeni, kwa sababu hamjui mtu ana vituo vingapi, badala yake mwonyesheni siku yake ilipofika: "Sasa ni saa nane mchana. Imebaki jioni."

Maswali 70 ni mengi, lakini idadi peke yake si mashtaka. Mtu hujibu maswali 40 yanayofuata siku yake kwa urahisi kuliko 15 yanayomrukisha. Ninayoyaona kuwa mzigo ni yale 11 ya maoni kuhusu ubora wa barabara, ambayo yanastahili utafiti wake, na yale ya kipato yaliyowekwa mwanzoni. Kipato kiulizwe mwisho, kwa viwango, na kwa siku au kwa wiki kwa asiyelipwa mshahara wa mwezi. Kuhusu swali la 3 sina ushauri wa taratibu: lifuteni leo. Linaomba namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA. Kiungo kilichokuja kwa WhatsApp kutoka namba isiyojulikana, kinachotaka namba ya NIDA kabla ya lolote, kinafanana kabisa na utapeli ambao kila familia imeonywa nao, na nadhani wengi wa waliofungua na kuondoka waliondokea hapo. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka mkusanye kile tu kinachohitajika kwa kusudi mlilolitaja, nayo inaihusu hata halmashauri. Wasilianeni na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema, na mjue seva za huduma mnayoitumia ziko nchi gani, kwa kuwa kuzipeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo siwezi kuliacha. Hata mkilitengeneza dodoso likawa kama maji ya kunywa, kulisambaza kwa makundi ya WhatsApp kutawapa majibu ya marafiki wa marafiki zenu. Hiyo si sampuli. Marekani mwaka 2017 walichagua anwani kwanza, wakapeleka barua, kisha wakampa mtu hiari ya kujibu mtandaoni au kwa simu; Toronto nao mwaka 2016 waliweka mtandao na simu pamoja. Sisi hatuna barua zinazofika mlangoni, lakini tuna ofisi za mitaa na wajumbe wanaoijua kila nyumba. Chagueni nyumba ninyi wenyewe kwa bahati nasibu, msimwachie mwenyekiti wa mtaa achague, maana atawapa waungwana; yeye afuatane tu na mtu wenu kupeleka kikaratasi chenye msimbo, mhuri wa halmashauri na namba ya simu. Asiye na simu janja abipu namba hiyo, apigiwe, na mdadisi amjazie dodoso lile lile. Baadaye linganisheni umri, jinsia na wilaya za waliojibu na Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na muwape uzito waliopungua, yaani jibu la kila mmoja wao lihesabiwe zaidi ya moja. Mtagundua kwamba wanaopungua ni wazee na wanawake wasio na simu zao wenyewe, na kwa hao fedha ndogo ya wadadisi mliyo nayo ndiyo itumike.

Kabla ya yote hayo, jaribuni. Jakob Nielsen, bingwa wa mambo haya, amesema kwa miaka mingi kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za ukurasa. Ninamwafiki kwa sharti kwamba ni 5 wa kila aina: mchuuzi, mwanafunzi, bibi, dereva, mfanyakazi wa ofisini. Ketini kando ya kila mmoja akiwa na simu yake mwenyewe, mwombeni asome kwa sauti, na msimsaidie. Pale anaposita, andikeni. Pale anapowauliza "Hapa mna maana gani?", lile jibu mtakalompa kwa mdomo ndilo linalopaswa kuwa maandishi ya swali, nimefanya hivyo mara nyingi na sijawahi kuona maneno ya ofisini yakiyashinda yale ya papo kwa papo. Fanyeni raundi ya pili baada ya marekebisho, kisha pelekeni kwa nyumba chache za mtaa mmoja kabla ya jiji zima. Ujumbe wa kukumbusha utumeni saa mbili na nusu usiku, watu wakiwa wamekula na siku bado wanaikumbuka, kwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi kwanza. Ijumaa na mwisho wa wiki ziwe na sampuli yake. Ukipata nakala mpya nitumie, nami nitaisoma tena kwenye ile simu ndogo.